Somo: Hesabu mbao kabla lori halijashusha

Wadau wa mbao, habari za kazi. Mimi ndiye nashika madaftari kwenye banda la mbao hapa Dar, na haipiti wiki fundi hajanipigia akiwa geti la maliasili, lori limezuiwa. Mara nyingi hajaiba mti wa mtu. Karatasi inasema hivi, mzigo unasema vile, na getini hawapimi nia ya mtu, wanapima mbao.

Hatua ya 1: Usajili. Ukinunua na kuuza mazao ya misitu unasajiliwa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Leseni ya biashara ya halmashauri ni kitu kingine kabisa. Usajili unafuata mwaka wa fedha wa serikali, kwa hiyo ukilipia Machi, tarehe 30 Juni umekwisha. Lipa kwa kontroo namba. Fedha ya mkononi usimpe mtu, hata awe na sare.

Hatua ya 2: Ujue mti ulisimama wapi. Mbao zetu zinatoka kwenye mashamba ya serikali kama Sao Hill, mashamba ya watu kule Njombe na Mufindi, misitu ya asili inayovunwa kwa leseni, au misitu ya vijiji. Hii ya mwisho msiidharau: Kilwa kuna vijiji vilivyopata tangu 2009 cheti cha FSC, cheti cha kimataifa cha msitu unaovunwa kwa utaratibu, na hela ya mti inabaki kijijini. Muuzaji akikujibu "zimetoka porini tu, wewe chukua", mwachie mbao zake.

Hatua ya 3: TP, yaani hati ya kusafirishia mazao ya misitu. Hapa tukae kidogo.

Lori likifika, usiruhusu kushusha. Shika TP, soma namba ya gari, inakotoka na inakokwenda, tarehe ya mwisho, aina ya mti, ujazo. Vitu vya mwanzo unavimaliza kwa macho. Ujazo ndio unaotuumiza, maana TP inaandika mita za ujazo na sisi tunahesabu vipande.

Njia yangu ni hii. Ubao wa inchi 2x6 wa futi 12 ni futi moja ya ujazo kamili: 2 mara 6 ni 12, gawa kwa 144, zidisha kwa futi 12, unapata 1. Mita moja ya ujazo ina futi za ujazo 35.3. Basi TP ya mita 5 ni vipande 176 hivi. Ukihesabu 230 juu ya lori, hivyo 54 havina baba, na ukishasaini baba ni wewe. Kwa 2x4 za futi 12, kila mita moja ni vipande 53.

Aina nayo ina ujanja wake. Mwaka wangu wa kwanza nilipokea mzigo ulioandikwa mninga, kumbe chini wamechomeka mkongo. Nikasaini. Tulipoupeleka kwa mteja wa Morogoro ukalala getini siku tatu, na faini tukalipa sisi, muuzaji simu hapokei. Siku hizi nachukua randa, nachomoa ubao wa chini kabisa, naparuza kidogo nione rangi. Ule wa juu kila mtu huupanga vizuri.

Hatua ya 4: Faili. Nakala ya TP na risiti ya EFD pamoja, faili moja kwa kila mzigo. Unapouza, andika namba ya TP kwenye risiti ya mteja.

MASWALI

Fundi makabati, Keko: Mkuu, mimi nanunua mbao kumi kumi bandani. Na mimi nitafute TP?
Jibu: Mimi ni dada, lakini ukuu naupokea. Kwa mbao kumi za kupeleka karakana, dai risiti yenye namba ya TP ya mzigo zilikotoka. Ukizipeleka mkoa mwingine, hapo omba TP yako, na ndipo hiyo namba itakapokusaidia.

Mdau wa Makete: Dada, miti ni ya babu yangu, shamba letu wenyewe. Kwa nini nihangaike?
Jibu: Mti ni wenu, hakuna ubishi. Ila ukishakuwa ubao kwenye lori hauna sura ya babu. Anza na barua ya mtendaji wa kijiji kwamba shamba ni lenu, nenda nayo ofisi ya misitu, TP itoke kabla gari halijaondoka.

Mchongaji, Mwenge: Shikamoo dada. Mteja wa Ujerumani anataka vinyago vya mpingo, anasema kuna CITES.
Jibu: Marahaba. Yuko sahihi. CITES ni mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na mpingo umo kwenye Kiambatisho chake cha Pili, orodha ya vinavyouzwa nje kwa kibali, tangu Januari 2017. Ila kazi iliyokamilika, mpingo wake ukiwa hauzidi kilo 10 kwa shehena, haihitaji kibali cha CITES. Gogo ambalo halijachongwa halina msamaha huo. Mbao za mninga na mkongo nazo zinahitaji kibali cha CITES cha kuzitoa nchini tangu Februari 2023.

Mchongaji: Nina kinyago cha ujamaa, kile cha watu waliobebana, peke yake kilo 14.
Jibu: Hicho kiombee kibali cha kukitoa nchini, na mteja aombe cha kuingiza kwao. Usije ukakata watu wawili wa juu ili kipungue.