Kwenda kujitolea ng'ambo: haki zako, wajibu wako, na mkataba wa kusoma kabla ya kutia sahihi

Kijana wa Kisumu, Kakamega au Nakuru akipata nafasi ya kujitolea ng'ambo, swali la kwanza huwa nauli ni pesa ngapi. Afadhali aulize nani anailipa. Weltwärts, mpango wa serikali ya Ujerumani ulioanza 2008 na ambao tangu 2013 hupokea pia vijana kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, huchukua watu wa miaka 18 hadi 28 na kugharamia tiketi, malazi, chakula, bima na pesa kidogo za matumizi. UN Volunteers, mpango wa kujitolea wa Umoja wa Mataifa, nao hawatozi ada katika hatua yoyote ya maombi. Zipo pia kambi za kazi za wiki mbili tatu ambazo mshiriki hujilipia nauli na ada ya kambi. Huo si ulaghai, mradi umeelezwa mapema na risiti inatoka kwa shirika. Ajenti anayetaka "pesa ya kushikilia nafasi" kwa M-Pesa ya namba yake binafsi, achana naye. Na usiitishe harambee nyumbani wala kuuza ng'ombe kabla ya kupata barua ya mwaliko na kuithibitisha moja kwa moja na shirika linalokupokea, kwa anwani uliyoitafuta mwenyewe.

Mkataba ndio wa kuketi chini na kuusoma. Unapaswa kuupata kabla ya kuomba viza, katika lugha unayoielewa, ukiwa na majina ya pande zote: wewe, shirika linalokutuma na linalokupokea. Tafuta sentensi inayosema saa za kazi zitakuwa "kulingana na mahitaji ya kituo". Hapo ndipo mtu wa kujitolea hugeuzwa kibarua asiyelipwa, anayepangiwa zamu za usiku na wikendi kwa sababu hakuna namba ya kumlinda. Omba iandikwe idadi ya saa kwa wiki, siku za mapumziko na siku za likizo.

Kama huna cha kupimia, tumia utaratibu wa Ujerumani, ambako vijana wengi wa weltwärts huingia kupitia huduma ya kitaifa ya kujitolea. Kazi ya kutwa huko ni takriban saa 40 kwa wiki. Likizo haipungui siku 20 kwa mwaka kwa anayefanya kazi siku tano kwa wiki, mwaka mzima una siku 25 za semina, na michango ya bima ya afya haikatwi kwenye pesa zako. Wiki 6 za kwanza ni za majaribio, na katika muda huo upande wowote unaweza kuvunja mkataba kwa notisi ya wiki 2. Mkataba wa nchi nyingine si lazima ufanane na huu, lakini ukikosa vipengele hivi vyote, uliza kwa nini.

Bima isome kwa jicho kali. Iwe inagharamia ugonjwa, ajali, hasara utakayomsababishia mtu mwingine, na kurudishwa nyumbani. Kwa viza ya muda mfupi ya Schengen, yaani ya nchi nyingi za Ulaya kwa pamoja, kiwango cha chini ni euro 30,000. Tazama tarehe inayoanza: ianze siku ya kusafiri, si siku ya kuripoti kazini. Tazama pia magonjwa yaliyoachwa nje. Kwetu huku magharibi mwa Kenya selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, si jambo geni, na bima nyingi hukataa kulipia ugonjwa uliokuwepo kabla ya safari. Ukificha, bili ya hospitali itakuwa yako. Ukisema mapema, shirika lina nafasi ya kukutafutia bima nyingine.

Karatasi huchelewesha wengi, na kisa kikubwa ni majina. Jina la ubatizo lipo kwenye cheti cha kuzaliwa, kitambulisho hakina. Au cheti cha KCSE kimeandika jina la baba kwa tahajia nyingine. Rekebisha hilo kabla ya kugusa fomu ya pasipoti. Pasipoti ya kurasa 34 ni shilingi 7,550 kwa viwango vya 2024, unalipa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kisha unapeleka stakabadhi Kisumu, Nakuru au Eldoret bila kwenda Nairobi. Cheti cha tabia njema ni shilingi 1,050. Fomu yake ya alama za vidole, C24, ichapishwe pande mbili za karatasi moja, halafu ukachukuliwe alama za vidole Huduma Centre. Ukitoka kulima au kuchanganya saruji, pumzisha mikono siku kadhaa kwanza, maana vidole vilivyochubuka hutoa alama hafifu.

Pasipoti hukaa nawe. Mwenyeji anaweza kuiomba anakili, lakini hana ruhusa ya kuiweka kabatini mwake. Akikataa kukurudishia, hiyo ni dalili ya usafirishaji haramu wa binadamu, na sheria ya Kenya ya 2010 inalitaja kosa la kuzuia hati za safari. Mwachie mtu wa nyumbani nakala ya pasipoti, viza na mkataba.

Wajibu wako ni huu. Fika kwa wakati, hudhuria semina, jifunze lugha. Ujerumani utasajili makazi yako ndani ya wiki mbili baada ya kuhamia. Usifanye kibarua cha pembeni kabla ya kuuliza kama viza inakuruhusu. Picha za watoto, wagonjwa au wazee unaowahudumia zisifike kwenye hadhi yako ya WhatsApp bila idhini ya wahusika. Na waeleze wazazi mapema kwamba pesa za matumizi si mshahara. Ahadi ya kutuma karo kila mwezi ndiyo huwasukuma wengine kwenye kazi za kichinichini, wakapoteza viza.

Mambo yakiharibika, andika tarehe, saa na kilichotokea. Anza na msimamizi wako wa karibu, kisha mratibu wa shirika linalokupokea, halafu shirika lililokutuma, kwa barua pepe ili pawe na ushahidi. Ukitishiwa au kudhulumiwa kimwili, ruka ngazi hizo, nenda polisi na uwajulishe ubalozi wa Kenya. Usitoroke kituoni bila kuandika, kwa sababu viza imefungwa na nafasi hiyo na shirika litalazimika kuripoti kwamba hupo. Cheti cha utumishi kiombe mwezi mmodi kabla ya kumaliza, kikitaja kazi ulizofanya na muda wake, kwani ukisharudi Kenya barua pepe zako zinaweza kukaa miezi bila kujibiwa.