Jinsi ya kuifuata pesa kabla hujaanza kumlaumu mwanasiasa

Tukisikia pesa kwenye siasa wengi wetu akili inakimbilia kwenye bahasha, mgombea anapita usiku anagawa noti na fulana, na kweli ipo na inakera, ila mimi naona hiyo ndo sehemu ndogo ya mchezo. Bahasha unaiona. Inayokuumiza zaidi ni pesa ambayo haifiki mkononi mwako kabisa, inaingia kwenye kifungu cha sheria, kwenye masharti ya tenda, kwenye msamaha wa kodi uliopitishwa watu washalala, na wewe unakuja kuigundua miaka mitatu baadae ukiambiwa dawa zimeisha. Kuifuata hauhitaji uwe mhasibu.

Anza na bajeti ila achana na hotuba ya bajeti, ile ni matangazo. Tafuta safu tatu: iliyoidhinishwa, iliyotolewa, iliyotumika. Watu wanagombana mitandaoni kwa safu ya kwanza, "afya imeongezewa!", wakati hiyo ni ahadi tu na inawezekana hata nusu yake isitoke hazina. Tuseme kituo cha afya kilipangiwa 100, zikatoka 40, zikatumika 40, halafu ripoti inasema ujenzi umekamilika. Hapo simama kwanza. Ama ile 100 ilivimbishwa toka mwanzo, ama mkandarasi anadai na deni litakuja mwaka ujao na riba juu, ama jengo halina paa. La tatu ndo rahisi kuhakikisha, nenda kaangalie.

Kuna kisa cha Uganda huwa nakirudia sana. Serikali ilikuwa inapeleka ruzuku kwa kila mwanafunzi wa shule za msingi, kwenye vitabu pesa inaonekana imetoka vizuri tu, halafu watafiti wakaenda mashuleni kuuliza "nyie mmepokea shingapi?" wakakuta kati ya mwaka 1991 na 1995 zilizofika ni kama asilimia 13. Zilizobaki nyingi ziliishia ngazi ya wilaya. Baada ya hapo serikali ikaanza kutangaza kwenye magazeti na redio kiasi kinachotumwa, na shule zikatakiwa kubandika tangazo ukutani ili mzazi yeyote asome, na miaka michache mbele kiasi kinachofika kikapanda juu ya asilimia 80. Wapo wachumi waliosema sifa zote zisiende kwa gazeti kwa sababu kuna mambo mengine serikali iliyabadilisha kipindi hicho hicho, na mi nakubali, ila angalia swali lenyewe lilivyokuwa dogo: zimetumwa ngapi, zimefika ngapi. Ukienda shuleni kwa watoto wako na maswali hayo mawili tu, hayo mengine yatafuata.

Tenda sasa. Soma masharti kabla hujasoma nani kashinda. Sharti likiwa jembamba sana, labda kampuni iwe imewahi kufanya kazi ya aina hiyo hiyo kwa ukubwa huo huo ndani ya miaka mitano na siku za kuomba ziwe saba, jua kuna mtu kashonewa hilo shati kwa vipimo vyake. Halafu usiondoke baada ya mshindi kutangazwa, subiri nyongeza ya kazi, maana kuna anayeingia kwa bei ya chini kuliko wote halafu kila baada ya miezi anaongezewa, mwisho wa siku kawa ghali kuliko aliyekataliwa. Na usidhani rushwa kubwa inaendeshwa kienyeji. Odebrecht, kampuni ya ujenzi ya Brazil, mwaka 2016 ilikiri kutoa hongo ya kama dola milioni 788 kwenye nchi 12, na walikuwa na idara kabisa ya kazi hiyo! yaani mtu anaamka asubuhi anaenda ofisini kulipa hongo.

Kwa wafadhili wa kampeni, mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo usihangaike sana na nani katoa, angalia kapata nini baada ya uchaguzi. Kibali, cheo, kodi iliyopunguzwa, kesi iliyoyeyuka. Na sio lazima sheria iwe imevunjwa, Marekani tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 2010 makampuni na vyama vya wafanyakazi yanaweza kutumia pesa bila kikomo kumpigia debe mgombea ilimradi yasipange naye, halali kabisa. Ndo maana neno rushwa peke yake halitoshi kuelezea haya mambo.

Ukikuta jina la kampuni hulijui tafuta mmiliki halisi, maana jina kwenye karatasi linaweza kuwa la wakili tu. Nyaraka za Panama, zile za siri zilizovuja mwaka 2016 kutoka kampuni ya wanasheria huko Panama, zilikuwa zaidi ya milioni 11 na sehemu kubwa ni hadithi hiyo hiyo ya majina yaliyofichwa nyuma ya majina.

Wataalamu nao waulizwe. Miaka ya 60 wafanyabiashara wa sukari Marekani waliwalipa watafiti wa Harvard waandike makala ya kuisafisha sukari na kusukumia lawama ya magonjwa ya moyo kwenye mafuta ya chakula, ikatoka 1967, na siri imekuja kuanikwa 2016. Karibu miaka hamsini. Kwa hiyo ukitupiwa utafiti kwenye grupu, shuka chini kabisa kwenye maandishi madogo uone nani kalipia, na kama hapajaandikwa kitu usiufowadi kwanza.

Kitu kimoja kinachoharibu kazi yote hii ni haraka. Fulani kachangia kampeni, kisha kapata tenda, hiyo ni mfuatano, bado sio ushahidi, na ukimwita mwizi hapo umempa nafasi ya kukushtaki wewe na habari inahama kutoka kwenye tenda inakuwa kesi yako. Hifadhi nakala na tarehe, maana kurasa huwa zinatoweka, halafu andika barua fupi yenye swali moja tu lenye namba: kwenye mradi huu ziliidhinishwa 100, zilitolewa 40, ripoti yenu inasema umekamilika, zile 60 ziko wapi? Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.