Chaki na mafuta ya taa: kagua krenki ya alumini kabla haijakatika

Ukinunua baiskeli ya mtumba yenye krenki (mikono inayoshika pedeli) nyepesi za alumini, zikague kwanza kabla ya kuiingiza Barabara ya Morogoro. Fungua pedeli kwa spana namba 15. Ya kushoto hufunguka kwa kuzungusha upande wa mshale wa saa, usiilazimishe kinyume. Safisha grisi na matope yote. Paka mafuta ya taa kuzunguka tundu la pedeli na pale mkono unapoungana na sahani ya meno, acha nusu saa, kisha futa mpaka pakauke kabisa. Pakaza unga wa chaki nyeupe, usubiri dakika 10. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatapanda kwenye chaki na utaona mstari mwembamba kama unywele. Mkwaruzo wa juu hautoi jasho, ufa hutoa.

Alumini huchoka kidogo kidogo kwa kila mkanyago, na haitoi dalili ya kupinda kama chuma: hukatika ghafla, mara nyingi umesimama juu ya pedeli kupandisha mlima. Gramu chache zilizopunguzwa hazifai kukuangusha mbele ya daladala. Ukiona ufa, tupa. Usikubali kuchomelewa, kwa sababu moto hulainisha alumini pembeni mwa weldi.

Njia hii haifai kwa krenki za kaboni, maana tabaka zake zinaweza kuachana ndani kwa ndani, wala penye rangi nene inayofunika ufa.