Kukagua waya za tangi la mafuta ya ndege: nnavyofanya mie, na pale paliponitoa jasho

Juzi kijana mmoja anayejifunza kazi kwetu hapa uwanja wa ndege Kiembe Samaki kapewa karatasi ya kazi, kagua waya za tangi la mafuta, ndege Caravan, ile ndogo ya Cessna. Kaja na tochi ya simu mkononi. Nikamwambia mwanangu, simu hiyo irudishe kabatini kwanza halafu uje tuzungumze. Haya ndo tulozungumza, nayaandika maana kila anayeanza huuliza yale yale. Kubadilisha sensa (vile vipima mafuta vya ndani ya tangi) au kuziba tangi linalovuja simo. Na vipimo vyote, mwenye neno la mwisho ni kitabu cha mtengenezaji wa ndege yako, sio mie.

1. Zima

Betri chomoa, umeme wa nje toa, sirkiti breka (swichi za kukata umeme) za pampu na geji ya mafuta zivute uzifunge na kibao juu. Ndege ipige waya wa ardhi, mafuta yatolewe, kizimamoto kiwe karibu. Haya unayajua.

2. Nguo na hewa

Vaa pamba. Jezi ya mpira ya nailoni iache nyumbani hata kama timu yako imeshinda. Kikomo cha nishati kinachotumika kwenye mambo ya matangi ni mikrojuli 200, na ile cheche ya nguo unayoisikia kidoleni inaweza kuwa zaidi ya hapo. Wengine hunambia Zanzibar kuna unyevu, umeme wa nguo haukai. Sawa, unapunguza, lakini mie siweki roho yangu kwenye unyevu.

Tangi lipulizwe hewa kisha lipimwe kwa mita ya gesi. Mvuke uwe chini ya asilimia 10 ya kile kiwango cha chini kabisa kinachoweza kuwaka. Kama ni ndege kubwa na mtu anaingia mzima mzima, oksijeni isiwe chini ya asilimia 19.5, na mwenzake akae mlangoni asiondoke hata kwenda kununua urojo. Halafu pima tena na tena, kwa sababu mafuta yalobaki kwenye pembe huendelea kutoa mvuke kadri jua linavyopanda. Jet A-1 huanza kutoa mvuke wa kuwaka kwenye nyuzi 38 hivi, na bati la bawa lililoachwa juani saa nane mchana linaweza kufika huko. Ndo maana kazi hii naipenda asubuhi, baada ya chai tu.

3. Anza nje, sio ndani

Hapa vijana wengi huteleza. Mtu akisikia tangi anakimbilia kuchungulia ndani. Ile Boeing 747 ya TWA, safari 800, ililipuka Julai 1996 ilipokuwa imetoka New York, watu 230 wakafa. Wachunguzi wa Marekani walisema tangi la katikati ndo lililolipuka, na chanzo kinachoelekea zaidi ni shoti ilotokea NJE ya tangi, umeme mkubwa ukapenya ndani kwa waya za geji ya mafuta. Geji yenyewe hutumia umeme mdogo sana, kwa hiyo hatari ni jirani yake.

Basi fuata waya za geji kutoka kwenye chumba cha rubani mpaka zinapoingia bawani. Zimeachana na waya za umeme mkubwa kama kitabu kinavyotaka? Kuna mtu kapitisha waya mpya wa redio akaufunga humo humo? Na unyoya wa bati uloachwa na fundi alotoboa tundu juu yake, huo unakata ganda la waya taratibu ndege inavyotikisika. Klampu, kile kishikizo cha waya, ifungue. Usiangalie tu kwa nje ukasema nzima, waya huliwa pale pale chini ya mpira wa klampu. Zile tai za plastiki mie sizipendi kabisa karibu na tangi, zikikauka zinakatika na waya unaning'inia. Kwenye Caravan usisahau waya za pampu ya umeme kwenye tangi dogo la chini ya tumbo, watu huliruka kwa sababu kulifikia ni kulala chali.

Na usithubutu kutia mega, ile mita inayojaribu ganda la waya kwa umeme mkubwa, kwenye waya za geji kama kitabu hakijasema na kifaa chake hakijatajwa. Unapeleka volti 500 ndani ya tangi kwa mkono wako mwenyewe.

4. Bondingi

Sasa hapa. Bondingi ni kuunganisha vyuma vyote na mwili wa ndege ili umeme upite bila cheche. Miaka kadhaa nyuma nilipelekwa Pemba, ndege imelala Chake, nikapime bondingi ya bomba la mafuta. Mita yenyewe ya bondingi ilikuwa iko kwengine, nikabeba multimita ya kawaida, nikajiambia omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) ni omu. Kitabu kinataka miliomu za kuhesabu kwa vidole, mie nnasoma omu 0.4, yaani miliomu 400! Nikabadilisha jampa, ule waya mfupi wa kuunganishia. 0.4. Nikapiga msasa sehemu ya kugusana. 0.4. Nikapiga msasa upande wa pili. Adhuhuri ikapita, alasiri ikapita, nikatoka nje nikampigia mzee mmoja alonifunza kazi, akanambia, "Hebu gusanisha ncha mbili za mita zenyewe." Nikagusanisha. 0.4. Yakhe, nilikuwa napima waya za mita yangu siku nzima!

Kwa hiyo tumia mita ya bondingi ya waya nne, isiyohesabu waya zake yenyewe, ilokubaliwa kwa sehemu zenye mvuke, basi. Na kesho yake ilipoletwa, jampa moja kati ya zile nilizodhani nzima ilikuwa mbovu kweli, chini ya washa (kile kipete cha boliti) kuna unga mweupe wa chumvi ya bahari, multimita isingeuona milele. Ncha ya mita lazima ipenye rangi iguse chuma. Pima kutoka kifaa mpaka mwili wa ndege, usipime jampa yenyewe kichwa kwa kichwa, na uitikise huku unasoma, namba ikicheza hiyo haijakaa. Ukishapiga msasa aluminiamu, irudishie dawa ya kuzuia kutu na sili yake, hapa kwetu na upepo huu wa chumvi ukiacha wazi umeitengenezea kutu. Mie zile sehemu nilizozikwangua bure nilikaa siku nyengine nzima kuzitibu.

5. Ndani

Kioo na tochi ya sehemu za hatari, ile isiyotoa cheche, sio ya simu. Tangi la Caravan huingii, unaingiza mkono. Sensa zisiguse bati, vituo vya kufungia waya visiwe na weusi wa salfaidi, hakuna ute wa vijidudu, hakuna kipande cha loki waya, ule waya wa kuzuia boliti isilegee.

6. Kufunga

Mkaguzi wa pili aangalie kwa macho yake kabla kifuniko hakijarudi, halafu hesabu vifaa. Yule kijana alihesabu vitambaa, kimoja kikapungua, tukafungua tena kifuniko, tukatafuta nusu saa. Kilikuwa mfukoni mwangu.