Umetumwa Kaunti Wiki Nzima na Una Marathoni: Fanya Hivi

Kijana mmoja tunayefanya naye kazi amejiandikisha kukimbia kilomita 42 hapa Nairobi. Ratiba yake aliitoa kwenye programu ya simu, na programu haijui kwamba wiki hii yuko Kisumu na wiki ijayo Garissa. Nimemwelekeza kwa WhatsApp mpaka vidole vimechoka, basi nimeona niyaweke yote mahali pamoja. Maelezo haya ni ya mtu anayeishi Nairobi, anayekimbia Karura au msitu wa Ngong Road mwishoni mwa wiki, na anayeondoka Jumatatu kurudi Alhamisi au Ijumaa. Kama unakimbia kilomita tano za kujichangamsha, huhitaji mwongozo. Beba raba uende.

Hatua ya 1: Panga wiki upya kabla hujaondoka

Wiki ya mazoezi ya marathoni ina mambo mawili ya lazima: mbio ndefu, na siku moja ya kasi. Mengine yote ni ya kujazia.

Mbio ndefu zibaki Nairobi. Usijaribu kilomita 28 katika mji usioujua, hata ukiwa na hamu namna gani. Na kama unasafiri Jumatatu alfajiri, zikimbie Jumamosi badala ya Jumapili, kwa sababu miguu iliyopigwa jana haitaki kukunjwa ndani ya basi kutwa nzima. Siku ya kasi ndiyo utakayoibeba safarini, pamoja na siku mbili za kukimbia pole. Siku yenyewe ya kusafiri ni ya kupumzika.

Andika kila kitu kwa dakika, si kwa kilomita. "Dakika 45 pole" inawezekana Lodwar, Nyeri na hata ndani ya ua wa gesti. "Kilomita 9" itakufanya uzunguke gizani ukitafuta mita 600 zilizobaki.

Ukikosa siku mbili tatu, usihangaike. Uwezo wa mkimbiaji aliyezoea hauanzi kushuka kwa kiasi cha kuonekana mpaka kama wiki mbili zipite bila mazoezi.

Hatua ya 2: Mizigo

Raba ziwe kwenye mkoba unaokaa nao, kamwe zisiwe kwenye buti la basi. Nguo zinaweza kununuliwa popote penye mitumba, lakini raba zilizozoea mguu wako hazinunuliki stendi ya Nakuru saa mbili usiku.

Bukta moja, fulana mbili na soksi jozi mbili zinatosha wiki nzima. Fulana ukishaifua bafuni, ikamue, itandaze juu ya taulo kavu, viringisha vyote pamoja kama chapati, kisha panda juu ukanyage kwa visigino. Taulo litanyonya maji na asubuhi fulana itakuwa kavu, hata Mombasa. Raba zikilowa, zijaze gazeti na ulibadilishe kabla ya kulala. Saa ya plastiki ya bei ndogo yenye kuhesabu dakika inatosha. Vipokea sauti vya masikioni viache nyumbani. Sababu utaiona hatua inayofuata.

Hatua ya 3: Kutafuta njia ya kukimbilia

Hapa ndipo muda unapoliwa. Watu hufungua ramani ya simu, wakaona kijani kando ya mto, wakadhani ni bustani. Ramani haijui kwamba taa za barabara hiyo hazijawaka tangu mvua iliyopita, wala kwamba kwenye kona pana gereji yenye mbwa wanne. Programu zinazoonyesha njia za wakimbiaji wengine zina faida Nairobi na Iten, mji wa wanariadha, ambako wanaozitumia ni wengi. Miji midogo utakuta mstari mmoja tu, uliochorwa na mtu aliyesahau kuzima saa akiwa tayari ndani ya gari.

Muulize mlinzi wa usiku. Simaanishi mhudumu wa mapokezi, huyo kazi yake ni kukuhakikishia kwamba kila kitu kiko sawa. Na hata kwa mlinzi, usiulize "Huku ni salama?" kwa kuwa adabu itamlazimu ajibu "Salama kabisa, madam." Uliza swali ambalo jibu lake ni barabara: "Shikamoo mzee. Ukitoka zamu asubuhi unapitia wapi kwenda nyumbani?" Akishajibu, ongeza: "Na watoto wa shule hupita njia gani, saa ngapi?"

Swali hilo la pili ndilo ninalolitegemea kuliko chombo chochote. Barabara inayopitwa na wanafunzi ina macho ya watu. Mama wa mandazi ameshawasha jiko, bodaboda wako kwenye kituo chao, na mtu akikusumbua kuna atakayeuliza kulikoni. Mlinzi mmoja Kisumu alinijibu kwa kuchora vumbini kwa ncha ya rungu: hapa kituo cha mafuta, hapa shule, halafu akachora mstari wa ziwa na kuugonga mara mbili. "Hapa usifike kabla ya jua. Kiboko ndiyo anarudi." Na ni kweli, kiboko hutoka majini usiku kula nyasi na hurudi alfajiri, saa ileile mkimbiaji anapofunga kamba za viatu. Ukiwa karibu na ufuo wa Dunga hapo Kisumu, kaa upande wa mjini mpaka kupambazuke vizuri.

Ukishapata njia, itembee mwenyewe jioni ileile unayofika, kabla giza halijaingia. Dakika 20 zinatosha, na miguu iliyokaa kwenye basi itakushukuru. Tembea kwa mguu, usipite kwa teksi. Ndani ya gari huoni mtaro usio na kifuniko, huoni mahali lami inapoishia ghafla na kuacha ukingo wa kuvunja kifundo, na husikii mbwa. Angalia pia kama pembeni ya barabara pana nafasi ya kukanyaga lori likija.

Asubuhi, tahadhari zenyewe ni hizi.

Jua halitoki saa ileile kila mahali. Mombasa hutangulia Kisumu kwa kama dakika 20, kwa hiyo muda uliouzoea Pwani, ukiupeleka ziwani utakukuta bado gizani. Mimi nasubiri nione rangi ya lango la jirani ndipo nitoke. Kama kikao kinaanza saa mbili, muda upo.

Kimbia upande wa kulia wa barabara, uyaone magari yanayokuja. Bodaboda lakini hawafuati sheria hiyo, nao hutokea nyuma bila taa. Ndiyo maana nilisema vipokea sauti vibaki nyumbani.

Mbwa akikujia, acha kukimbia. Tembea, usimpe mgongo, na ukilazimika, inama kama unayeokota jiwe. Mbwa wengi wa kwetu wanaielewa ishara hiyo. Ukiumwa, hata mkwaruzo mdogo, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na uende hospitali siku hiyohiyo ukaulizie sindano ya kichaa cha mbwa. Usingoje kurudi Nairobi.

Epuka ukuta wa kambi ya jeshi, gereza au ikulu ndogo, na usitoe simu kupiga picha ya macheo karibu nazo. Beba kitambulisho na noti ya shilingi 200 mahali pasipoingia jasho, na umwambie mlinzi unarudi saa ngapi. Atakumbuka, maana usiku kucha hakuna jingine lililomtokea.

Sisi wanawake tuna la kuongeza. Waulize pia akina dada wa jikoni, kwa sababu wao hufika kazini kwa miguu alfajiri na wanajua kona ambazo mwanamume hazioni. Mji wa Kale Mombasa, Lamu na Garissa, vaa suruali ndefu na fulana pana inayofika mapajani. Inapunguza kukodolewa macho, na kukimbia unakimbia vilevile. Mwezi wa Ramadhani, maji yanywee ndani ya lango.

Mara ya kwanza usiende mbali. Kimbia dakika tano kwenda, tano kurudi, kisha rudia ukisogeza mbele kidogo kila safari. Kufikia mzunguko wa tatu, watu wa barabara wameshakuzoea, na wewe umeshawajua.

Na kama mlinzi amesita kabla ya kujibu, basi jibu umelipata. Kaa ndani ya ua. Dakika 30 za kuzunguka maegesho zinachosha akili, lakini ni mazoezi. Badilisha mwelekeo kila dakika tano ili goti moja lisibebe kona zote. Mashine ya kukimbilia ya hoteli naiona duni kuliko ua, kwa sababu chumba chake mara nyingi hakina hewa na mkanda huteleza. Ukiitumia, inua mteremko hadi asilimia 1 na usivuke dakika 40.

Hatua ya 4: Joto na mwinuko

Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Mtu akishuka Mombasa hudhani atapaa, kwa kuwa oksijeni imeongezeka. Huwa inatokea kinyume. Damu inapelekwa kwenye ngozi kuupoza mwili, misuli inabaki na mgawo mdogo, na moyo unapiga haraka zaidi kwa mwendo uleule. Unyevu wa Pwani unazidisha tabu, maana jasho linachuruzika tu bila kukauka, na jasho lisilokauka halipozi. Mwili huchukua kama wiki moja hadi mbili kuzoea joto, na wewe utakuwa umesharudi. Kwa hiyo usipambane. Achana na mwendo wa saa, kimbia kwa namna ambayo ungeweza kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi. Kwangu mimi hiyo ni nusu dakika zaidi kwa kila kilomita, wakati mwingine dakika nzima.

Barabara ya Mama Ngina, Mombasa, chini ya mibuyu alfajiri ni pazuri. Ufukweni subiri maji yapwe, mchanga uwe mgumu. Muulize mvuvi, kwani saa za kupwa husogea mbele kwa karibu dakika 50 kila siku na ya jana si ya leo. Kwa kuwa ufukwe umeinamia baharini, rudi kwa njia uliyoendea ili miguu ipokezane mteremko.

Ukipelekwa Eldoret, kwenye mita 2,100 hivi, utakata pumzi mapema kidogo, basi. Hatari ya huko ni kundi litakalokupita likiongea na kucheka. Usilifuate. Kwao hiyo ndiyo siku ya kupumzika.

Hatua ya 5: Siku ya kasi

Fanya siku ya pili au ya tatu ukishaijua njia. Pasha mwili dakika 15, kisha dakika moja kasi, dakika moja pole, mara 12 hadi 15, halafu malizia pole dakika 10. Haihitaji uwanja, wala alama za mita, wala tambarare. Kwenye kilima ongeza bidii, usitazame mwendo. Ukiwa Garissa au Lodwar, punguza ziwe nane na uwe umemaliza kabla jua halijapanda.

Hatua ya 6: Bafe na maji

Chai ya saa nne yenye sambusa na mandazi, halafu bafe ya mchana, halafu chai tena. Chagua moja ya kushiba. Kabla ya kukimbia, ndizi moja inatosha. Pwani, mahamri na mbaazi ni chakula cha mkimbiaji kabisa, ila kiwe baada ya mbio.

Vinywaji vya rangi vya wanamichezo sinunui. Pakiti ya ORS (unga wa kuchanganya na maji, wa kurudisha maji mwilini) ya duka la dawa ina chumvi na sukari unayohitaji baada ya kutoka jasho jingi. Isome kwanza, kwani nyingine ni ya nusu lita na nyingine ya lita nzima, na usiikoleze kupita ilivyoandikwa.

Hatua ya 7: Ukirudi

Usilipe deni. Siku ulizokosa zimepita, na kuzibana zote ndani ya Jumamosi ndiko kunakoleta maumivu ya muundi. Ukifika Alhamisi, Ijumaa kimbia pole nusu saa na mbio ndefu ziwe Jumamosi kama kawaida. Ukifika Ijumaa usiku kwa basi, lala, kisha mbio ndefu zihamie Jumapili. Na kama Jumatatu unaondoka tena alfajiri, zipunguze kwa robo na ukae kiti cha karibu na njia, upate pa kunyoosha mguu.