Spika za zamani: tengeneza au nunua nyingine? Pima kwanza

Wengi wanaoniletea spika za miaka ya 1980 na 1990 huwa wameshaamua kabla hawajafika. Mmoja anasema zimekufa, nimtafutie nyingine. Mwingine anasema spika kama hizi hazitengenezwi tena, nizifufue kwa gharama yoyote. Hakuna kati yao aliyefungua boksi. Andaa bisibisi, tochi na multimita (kipima umeme), kisha fuata mpangilio huu.

Hatua ya 1: Hakikisha kosa liko kwenye spika

Zima amplifaya, badilisha waya za kulia na kushoto, kisha washa tena. Mkwaruzo ukibaki kwenye boksi lile lile, spika ndiyo yenye tatizo. Ukihamia boksi la pili, achana na spika, kaangalie amplifaya na waya. Nobu ya sauti iliyojaa vumbi inatosha kukata upande mmoja.

Hatua ya 2: Kagua ukingo wa wufa

Wufa ni spika kubwa ya besi ndani ya boksi. Ukingo ni ile pete laini inayounganisha koni (sehemu inayotikisika kutoa sauti) na fremu. Upo wa sponji, wa raba na wa kitambaa. Wa sponji huoza wenyewe baada ya miaka 15 hadi 25 hivi, hata kama spika ilikaa tu stoo, na unyevu wa pwani huuharakisha. Uguse taratibu: ukimeguka na kuacha unga unaonata kidoleni, umekwisha. Raba hudumu zaidi. Wa kitambaa, kama wa JBL L100 ya mwaka 1970, mara nyingi bado uko sawa.

Hili ndilo kosa linalotisha zaidi kwa macho, na ndilo rahisi kutengeneza. Pete mpya huuzwa kwa saizi. Pima koni yenyewe, usipime fremu peke yake. Kwangua gundi yote ya zamani, bandika pete, weka koni katikati, acha gundi ikauke usiku kucha. Mkatalie fundi anayetaka kukuwekea mpira wa tyubu. Ni mgumu, koni haitembei, na besi inakwenda na maji.

Hatua ya 3: Pima koili

Sukuma koni kwa vidole vya mikono yote miwili, kwa usawa, polepole. Ukisikia inakwaruza, koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni) imeungua au imepinda. Kisha chomoa waya na upime kila spika iliyo ndani ya boksi peke yake: ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) husoma takriban 5.5 hadi 7, ya omu 4 husoma 3 hadi 4. Isiposoma kitu, kuna waya uliokatika, na mara nyingi ni wa koili.

Usipime kutokea nyuma ya boksi ukadhani umepima vyote. Kwenye boksi nyingi kapasita, kipande kidogo cha umeme kilicho ndani ya boksi, huzuia umeme wa mita kufika kwenye twita (spika ndogo ya sauti za juu), kwa hiyo utakuwa umepima wufa tu.

Kubadilisha koili na koni si sawa na kubadilisha ukingo. Koni mpya ikitofautiana uzito na ya awali, sauti haitakuwa ile, kwa kuwa boksi na krosova (saketi inayogawa sauti kati ya wufa na twita) vilipangwa kwa ajili ya ile ya kwanza. Ukilazimika, badilisha wufa zote mbili.

Hatua ya 4: Krosova

Kama sauti za juu zimefifia lakini twita inapima vizuri, shuku kapasita. Zile za elektroliti huchoka kwa umri. Weka zenye maikrofaradi zile zile, volti zile zile au zaidi, na ziwe zisizo na upande wa chanya na hasi. Za filamu ni bora zaidi na bei yake bado inavumilika. Fanya boksi zote mbili siku moja, la sivyo kulia na kushoto havitalingana.

Hatua ya 5: Amua

Mimi huangalia vitu viwili tu: boksi na twita. Boksi la mbao za kugandamiza lililoingia maji likavimba na kuachia maungio, sihangaiki nalo. Twita iliyoungua na haipatikani tena, hata ya mtumba, nayo inafunga mjadala. Vikiwa vizima vyote viwili, tengeneza. Ila gharama ikizidi nusu ya bei ya pea nyingine ya mtumba ya daraja lile lile, nunua hiyo pea, na za zamani uzihifadhi kwa vipuri.

Hatua ya 6: Ukiamua kununua mpya

Pitia Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, lakini usisome namba ya PMPO (wati kubwa za kuvutia wanunuzi) kwenye katoni; haikuambii chochote. Soma desibeli, yaani ukubwa wa sauti ambayo spika hutoa kwa nguvu ile ile ya umeme. Spika ya desibeli 87 inahitaji nguvu maradufu ya ile ya 90 ili zitoe sauti sawa, kwa hiyo amplifaya yako ndogo iliyotosha jana inaweza kuhemea leo. Soma pia omu: amplifaya iliyoandikwa 8 usiifungie spika za 4. Na kama umezoea wufa ya inchi 10, vispika vya inchi 5 vitakupa waimbaji safi kabisa, ila gitaa la besi utalitafuta. Nenda na wimbo unaoujua vizuri, usikilize kabla ya kulipa.