Kubuni kiweko cha piranomita: kirekebike kwa urahisi, kisha kitulie

Piranomita ni chombo cha kupima nguvu ya mnururisho wa jua unaoangukia eneo tambarare, na vipimo vyake huaminika pale tu chombo chenyewe kinapokaa mlalo kamili. Kikiinama kwa digrii 1 tu kulipa jua kisogo, wakati jua likiwa digrii 60 kutoka utosini, kipimo cha miale ya moja kwa moja hupungua kwa takriban asilimia 3. Huku kwetu karibu na ikweta kosa hili lina ujanja wake. Iwe Nairobi au Dar es Salaam, siku ambazo jua hupita utosini kosa hilo karibu hutoweka adhuhuri, kwa hiyo anayekagua chombo saa sita mchana hujiona yuko salama, ilhali ikiwa mwinamo ni wa mashariki au magharibi, vipimo vya asubuhi na vya alasiri vinapotoka, kimoja kikizidi na kingine kikipungua.

Jambo la kwanza la kuamua ni idadi ya miguu, na jibu ni tatu. Chungu hutulia juu ya mafiga matatu hata kama ardhi haiko sawa. Ukiongeza figa la nne, moja kati ya manne litakuwa halibebi kitu. Kiweko changu cha kwanza nilikiwekea skrubu nne, moja kila pembe, nikidhani nimekiimarisha, na kila nilipokaza moja bamba lilipinda badala ya kuinama. Kiini cha usanifu huu ni kwamba kila mwendo uzuiwe mara moja tu, usizuiwe mara mbili.

Kitu kigumu kina njia sita za kusogea: kuhama kwa pande tatu na kuzunguka kwa pande tatu. Tengeneza mabamba mawili ya alumini yenye unene wa milimita 10 hivi, la chini likifungwa kwenye nguzo na la juu likibeba chombo. Bamba la juu lisimame juu ya miguu mitatu yenye ncha za gololi, nayo ikalie mahali patatu tofauti kwenye bamba la chini. Gololi ya kwanza ikae katika shimo la umbo la pia, linalozuia njia tatu. Ya pili katika mfuo wa umbo la V unaoelekea kwenye shimo hilo, unaozuia njia mbili. Na ya tatu juu ya uso bapa, unaozuia njia moja. Jumla ni sita. Mpangilio huu hujulikana kwa jina la Kelvin, mwanafizikia wa karne ya 19 aliyefundisha Glasgow, na faida yake huonekana zaidi juani: bamba la alumini lenye urefu wa milimita 100 likipata joto la digrii 30 zaidi hurefuka kwa karibu milimita 0.07, huku chuma cha kawaida kikirefuka nusu tu ya hapo. Mabamba ya aina hizo mbili yaliyokazwa pamoja kwa bolti hukunjana, lakini gololi iliyo kwenye mfuo huteleza kidogo na mlalo haubadiliki.

Gololi iliyo kwenye shimo iwe ya kimo kisichobadilika, na skrubu mbili za kurekebisha ziwekwe pande mbili zinazokutana hapo kwa pembe mraba, ili kila skrubu iinamishe bamba kwa mwelekeo wake bila kuvuruga mwingine. Mpango huu una dosari moja: katikati ya bamba la mraba huangukia juu kabisa ya ukingo wa pembetatu ya miguu. Kwa hiyo sogeza chombo kidogo kuelekea gololi isiyorekebishwa, na uweke springi mbili za kuvuta mabamba pamoja, moja kati ya gololi hiyo na kila skrubu. Mimi huanza na mvuto wa jumla ulio mara tatu ya uzito wa chombo, kwa sababu ya upepo.

Skrubu ya M6 ya kawaida, yaani ya kipenyo cha milimita 6, hupanda milimita 1 kwa mzunguko mmoja. Ikiwa iko milimita 100 kutoka kwenye gololi isiyorekebishwa, mzunguko mmoja ni digrii 0.57, na robo ya robo yake ni chini ya digrii 0.04, jambo linalotosha kabisa kwa kiputo cha pimamaji, kile kiputo cha hewa kinachoonyesha mlalo wa chombo. Usitafute nafasi kubwa ya kurekebisha. Digrii 3 kila upande zinatosha ikiwa fundi amesimamisha nguzo vizuri, na skrubu ndefu iliyochomoza hutikisika. Nyuzi za skrubu zilizokatwa moja kwa moja kwenye alumini huchakaa upesi, na chuma cha pua kikisuguana na chuma cha pua hukamatana, hivyo pachika bushi ya shaba na uipake grisi, hasa pwani kwenye hewa ya chumvi. Waya wa chombo ufungwe kwenye nguzo na uachwe ulegee kidogo, usije ukalivuta bamba la juu.

Kabla ya kuamini kiputo, kikague: kisawazishe, kisha geuza chombo nusu duara juu ya bamba. Kiputo kikihama, rudisha nusu ya mhamo kwa skrubu. Nusu iliyobaki ni kosa la pimamaji lenyewe. Halafu kaza nati za kufungia na usome tena, kwa maana kukaza husukuma skrubu ndani ya ulegevu wa nyuzi zake, na mara nyingi utalazimika kurudia. Mwisho, chora mstari mwembamba wa rangi unaovuka nati na bamba. Mtu anayefuta vumbi kwenye kuba la kioo linalofunika chombo hukiegemea kiweko bila kujua, na nati iliyosogea itaonekana kwa mstari uliokatika hata kabla hujatazama kiputo.